Leso Sita Mbele ya Kompyuta

Tena, Nairobi
Jumamosi, 24 Mei 2025

Wathome wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko kisiwani, kwenye barafu ya ncha ya kusini, haijakugandisha masharubu. Hapa mvua zinaaga, na mimi nimeshona sare za shule mpaka hata ndoto zangu zina kola na vifungo.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba Baba amekubali. Mjomba wako Nzau alikuja jana na wazee wawili wa mtaani kwenu Kaloleni, wakanywa chai, wakazunguka maneno weee, mwisho Baba akataja siku: ruracio yetu, siku ya mahari, itafanyika Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Wewe utahudhuria kwa video, kwa kuwa mkataba wako hauishi mpaka Desemba ya mwaka ujao.

Lakini unamjua Baba, Mzee Dedan. Hataki desturi irukwe. Tutasimama wanawake sita tumefunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, na wewe utamtambua mkeo kupitia hiyo skrini. Ukikosea mara ya kwanza, unalipa mbuzi wa faini. Ukikosea mara ya pili, au mtandao ukipotea usirudi, Baba amesema, "Basi mambo yasimame mpaka aje kwa miguu yake." Wathome, kungoja nusu nimemaliza. Hiyo nusu nyingine, yenye watu kuniuliza kila harusi mimi zamu yangu lini, sijui kama ninaiweza.

Habari ya pili ndiyo mbaya. Kompyuta uliyoniundia kabla ya kuondoka, ile yenye mfumo wa Linux, imeanza vituko. Waifai inashika vizuri, halafu bila sababu inakatika, hata katikati ya mazungumzo. Hata barua hii sijui itakaa humu ndani ikingoja hadi lini. Na ulisema programu ya video ya kituo chenu cha utafiti haikubali simu ya mkononi, lazima kompyuta. Waya pia hauwezekani, maana kile kisanduku cha kurusha mtandao kiko ghorofani kwa mwenye nyumba, Mama Nzivo, na sisi tuko chini yake.

Nifanyeje?

Wako,
Kui


Kituoni
Jumapili, 1 Juni 2025

Kui,

Barua yako nilipewa nikiwa nimelala chini ya jenereta, mikono imejaa oili. Nikamwomba mwenzangu aliyeichapa anishikie karatasi nisome hapo hapo. Nilipofika kwa neno "amekubali" nikainuka ghafla na kujigonga kichwa. Nina nundu ya furaha.

Jua limetuaga wiki iliyopita. Saa sita mchana kunakuwa na mwanga wa samawati unaokaa kidogo juu ya barafu, halafu unaondoka bila kusema. Watu hapa wanatembea polepole na kuongea polepole, na mimi nikifunga macho nasikia muungurumo wa jenereta kama cherehani yako ikiwa chumba cha pili.

Sasa tusikilizane. Kituo kinatupa saa moja tu ya video, na ni hiyo ya tarehe tisa. Siku nyingine zote ni barua za maandishi matupu, zinazoondoka mara mbili kwa siku. Kwa hiyo siwezi kuiona hiyo kompyuta. Wewe ndiwe macho yangu.

Usibahatishe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na kila ukibadilisha kitu, uliza tena kama kimeshika. Usiondoke kwenye mashine kabla haijakujibu. Hilo nililifundishwa na injini na halijawahi kuniangusha.

Kwanza, weka simu yako juu ya meza, kando ya kompyuta, zote kwenye waifai ileile. Mtandao ukikatika kwenye kompyuta, angalia kama simu nayo imekatika. Zikikatika zote mbili, tatizo liko kwa Mama Nzivo. Ikikatika moja, tatizo liko mezani kwako.

Na tafadhali, usigonge Enter kana kwamba unafunga mlango wa lori. Kibodi hiyo niliitafuta mitaa mingi.

Wako,
Wathome


Tena
Jumamosi, 14 Juni 2025

Wathome,

Enter inagongwa ili ijue imegongwa. Tuendelee.

Nilifanya ulivyosema. Simu haikukatika hata kidogo, kompyuta ikaanguka kama kawaida. Lakini niliona vijistari vya nguvu ya mtandao ni viwili tu kwenye zote, nikasema acha nipande juu kwa Mama Nzivo nione hicho kisanduku amekiweka wapi.

Amekiweka wapi huyo mama? Ndani ya kabati la vioo. Unalijua lile kabati: vikombe vya harusi, chupa za chai zisizotumika, picha za mahafali, na ukuta wa nyuma wote ni kioo cha kujitazamia. Alisema kitu cha bei hakiwekwi chini kama kiatu. Nilimbembeleza mpaka nikamshonea pindo la gauni. Mwishowe alikitoa, akakiweka juu ya stuli karibu na dirisha, na akakifunika kwa kitambaa cha kufuma ili kisipigwe na vumbi. Kitambaa nimekiacha. Mtu hushinda vita moja kwa siku.

Vijistari sasa ni vinne. Nilifurahi sana, nikakaa kutazama jinsi mwanga wa jioni unavyoingia sebuleni na kupanda juu ya kapeti mpaka kwenye miguu ya Baba, ambaye alikuwa amesinzia. Nikafikiria siku hiyo, viti vimepangwa, na wewe ukiwa hapo ukutani mkubwa kama dirisha. Nilikuwa nimefika mbali kabisa katika mawazo.

Halafu mtandao ukakatika. Vijistari vinne, na umekatika.

Kui


Kituoni
Jumapili, 22 Juni 2025

Kui wangu,

Hilo la kabati lingenichukua mwaka kuligundua. Kioo cha kujitazamia kina rangi ya madini mgongoni, na mawimbi ya waifai hayapendi kupita hapo. Umefanya kazi nzuri. Lakini simu inashika na kompyuta inakatika, kwa hiyo bado kuna jambo ndani ya kompyuta yenyewe.

Linux huandika kila kinachoipata. Haisengenyi wala haifichi, ila haisemi mpaka uulizwe. Fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike hivi mara tu baada ya kukatika:

sudo journalctl -b | grep wlp3s0

Hiyo ya mwisho ndiyo kadi ya waifai, jina lake la nyumbani. Nakili mistari ya mwisho uniletee.

Jana tulikula chakula cha jioni nikiwa nadhani ni cha mchana. Niliinuka mezani nikaenda dirishani, na kwa muda kidogo niliona taa za Kaloleni, zile nyumba ndogo za mawe zikiwa zimepangana, na mtu akitoa viti nje ya ukumbi wa mtaa. Kisha nikaona ni taa za matangi yetu ya mafuta. Sikuwa na huzuni. Nilisimama tu nikatazama mpaka kahawa ikapoa.

Wathome


Tena
Jumamosi, 5 Julai 2025

Wathome,

Imesema. Mistari ni mingi lakini kila mara inaishia palepale: kadi yetu imetolewa mtandaoni, sababu namba nne. Na mbele ya nne kuna neno refu la Kiingereza lililounganishwa kama mabehewa. Nililisoma polepole. Maana yake ni kwamba imeondolewa kwa sababu ya kukaa kimya.

Nimelifikiria neno hilo nikishona, nikipika, nikioga. Inatolewa kwa sababu haikusema kitu! Hakuna aliyekosana na mwenzake. Huyu wa juu alidhani wa chini ameshaondoka, na wa chini yuko tu, amekaa.

Usicheke, lakini nilikukumbuka. Mwaka jana ulipokaa wiki nyingi bila kuandika kwa sababu mtambo wa kituo uliharibika, mimi huku nilikuwa nimeanza kukufuta kidogo kidogo. Nilitoa koti lako mlangoni nikaliweka ndani ya sanduku. Barua yako ilipokuja nililirudisha koti mlangoni, na sikukuambia. Basi, sasa umejua.

Tata Mirriam amechukua usukani wa shughuli yote. Unajua shangazi yangu akishika jambo. Wapishi amepata, hema amepata, na sasa anazunguka akipima wanawake kimo kwa macho.

Niambie nini cha kufanya na huyu anayekaa kimya. Imebaki mwezi mmoja na siku kidogo.

Kui


Kituoni
Jumapili, 13 Julai 2025

Kui,

Nimesoma habari ya koti. Asante kwa kulirudisha mlangoni.

Ugonjwa tumeupata. Kadi yako inalala. Imeundwa na tabia ya kusinzia ili kuokoa umeme: kati ya neno na neno, kukiwa na utulivu kidogo, inafumba macho. Mtambo wa Mama Nzivo unaita, kadi haisikii. Unaita tena, halafu unaona huyu hayupo, unamfuta. Kwa kompyuta ya betri usingizi huo una maana. Yako imechomekwa ukutani, haina cha kuokoa. Iamshe hivi:

sudo iw dev wlp3s0 set power_save off

Kisha uliza kama imeshika:

iw dev wlp3s0 get power_save

Ikijibu off, iko macho. Lakini amri hiyo inasahaulika kompyuta ikizimwa, na stima za mtaa wa Tena unajua zinavyopotea. Kwa hiyo nimekuwekea chini ya barua hii maelezo ya kufungua faili moja dogo. Mstari muhimu ni huu:

wifi.powersave = 2

Mbili ni usilale. Tatu ni lala. Usichanganye.

Sasa Kui, nina jambo la kukuambia, na nimelizunguka kwa barua tatu. Naota ndoto ileile. Niko sebuleni kwenu, mlango uko wazi, theluji inaingia taratibu mpaka kwenye kapeti na hakuna anayejali. Wanawake wenye leso wamesimama kwa mstari, na sebule haina mwisho. Nainua leso ya kwanza, chini yake kuna leso nyingine, na nyingine tena. Nikiamka najaribu kukuona ulivyosimama. Sauti yako ninayo. Kicheko ninacho. Lakini kimo chako ukiwa kando yangu, mabega, mwendo, vinanitoroka. Picha nilizo nazo ni za uso tu, na uso ndio utakaofichwa.

Naogopa nitanyoosha kidole kwa binamu yako mbele ya wazee wa pande zote mbili, mara moja, mara mbili, na Baba yako atasimamisha mambo, na wewe chini ya leso utajua kwamba nimekusahau. Sijakusahau. Ni macho tu yamechoka na weupe.

Wathome


Tena
Jumamosi, 26 Julai 2025

Wathome,

Barua nimeipata. Amri ya kwanza nimeipiga, nikauliza, ikajibu iko macho. Faili nimeandika, mbili, nikazima na kuwasha, nikauliza tena. Jumatano nilifungua video na binamu yangu Mukami anayeishi mtaa wa Fedha tangu chakula cha mchana mpaka akachoka na uso wangu. Haikukatika.

Tata Mirriam amenunua leso sita, rangi moja, maua yaleyale. Wanawake aliowachagua wote ni wa kimo changu. Tutavaa soksi, mikono itafichwa ndani, na amesema hata kukohoa ni marufuku. Kompyuta itakaa pale pale juu ya meza ya cherehani, kamera ikituangalia, na kaka yangu Maina ataunganisha skrini kubwa ili wazee waone.

La ndoto nimelisoma.

Kui


Kituoni
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kui,

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Ina mtandao, ina soksi, ina Maina, na mimi nimepewa mstari mmoja. Kama nimekuumiza, niambie kabla ya Jumamosi. Na kama umekasirika mpaka hutaki tena, niambie pia, nisije nikavaa tai mbele ya wazee kwa jambo lililokwisha.

Wenzangu hapa wamefagia chumba cha kulia. Mpishi amechonga maua kwa karoti. Mimi nafanya kazi, nakula, natazama ule mwanga wa samawati. Naomba uandike hata neno moja.

Wathome


Kituoni
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mke wangu,

Niruhusu niliandike tena: mke wangu.

Neno nililoomba halikuja, kwa hiyo nilikaa mbele ya kamera nikiwa nimefunga tai. Mkaonekana. Baba Dedan katika koti la kijivu, Mjomba Nzau akifuta jasho, Tata Mirriam akipita mbele ya kila mtu. Halafu vigelegele, na zikaingia leso sita. Kui, ilikuwa ndoto yenyewe, ila haikuwa na theluji. Zilisimama zimetulia kabisa na sikumjua hata mmoja.

Nilichagua ya tatu kutoka kushoto kwa sababu ilikuwa imeinama kidogo. Ikafunuliwa: Mukami, anacheka mpaka machozi. Mbuzi mmoja. Nikasikia Baba yako akisema polepole, "Amebakisha moja." Mmoja akaingia nafasi ya Mukami, mkapangwa upya, na kabla sijafungua mdomo picha ikaganda.

Leso sita zimesimama, hakuna sauti. Nyuma yangu mpishi aliniwekea mkono begani. Nilitazama hiyo picha iliyoganda nikaona mwaka mzima na nusu umekaa ndani yake. Nilisema moyoni, basi, imekwisha, na ameshanichukia, labda ni afadhali.

Kisha picha ikarudi, na skrini yote ilikuwa leso. Karibu mno, niliona hata nyuzi za pindo. Mkono ulikuwa umetoka nje, unaandika kwa vidole viwili. Ukagonga Enter, na kamera nzima ikatikisika. Halafu mtu huyo hakuondoka. Aliinama akasoma jibu, akangoja ahakikishe, ndipo akarudisha mkono ndani na kuanza kurudi kinyumenyume.

Aliuliza kama imeshika. Ni mtu mmoja tu duniani niliyemfundisha hivyo.

Nikasema, "Ni huyo aliyetoka kwenye kompyuta." Nikamsikia Maina akipiga kelele, "Kui, umechoma! Umejifichua!" Tata Mirriam akasema si haki, amesogea. Mjomba Nzau akamuuliza kwani ni sheria gani ilisema asisogee. Wakageuka wote kwa Baba yako. Akatazama skrini, akakutazama wewe, akasema, "Mlitaka achague, amechagua. Mimi nina njaa." Huku kwetu watu walirushiana karoti.

Ukweli ni kwamba hata bila hayo nilikuwa nimeshaanza kukutambua. Yale mabega, nani asingeyajua?

Lakini kuna kitu kinanisumbua kama fundi. Ulisema faili lina mbili na video ilishika mchana mzima. Sasa mbona ikalala jana, siku yenyewe? Nitumie mistari ya mwisho tuone.

Mumeo,
Wathome


Tena
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mume wangu mwongo,

Mabega? Mabega yangu yalikuwa ya pili kutoka kulia na ukamchagua Mukami. Atakuimbia hilo mpaka uzeeni.

Mistari sitakutumia. Nitakuambia mwenyewe.

Ile barua yako ya ndoto niliisoma kwenye kiti cha cherehani. Kwanza nililia kwa sababu umesahau nilivyosimama. Kisha nikakasirika. Kisha nikaenda kwenye kioo nikajaribu kukumbuka wewe unafika wapi ukisimama nyuma yangu, masikioni au juu zaidi, na nikakuta hata mimi sijui. Hapo hasira ikaniisha. Tumekaa mbali, basi, na macho yana haki ya kuchoka.

Nilikujibu kwa ufupi kwa sababu kama ningeongeza neno moja ningekuambia yote, na wewe huwezi kuficha kitu, uso wako ungemwonyesha Tata Mirriam mapema. Nisamehe hiyo wiki. Neno uliloliomba nililiandika mara kadhaa na kulifuta.

Jumamosi asubuhi, wanawake wakiwa uani wanamenya viazi, nilifungua lile faili. Nikafuta mbili, nikaandika tatu. Nikazima na kuwasha. Nikauliza, ikajibu inalala. Nilijua itaanguka kama ilivyokuwa ikianguka siku zote, na nilijua hakuna mtu mwingine katika hiyo nyumba anayeweza kuiamsha, hata Maina na maneno yake yote. Wangemtafuta Kui, na Kui yuko chini ya leso. Ingebidi leso itembee.

Na siku niliyotaka ianguke, ikakataa! Ulimchagua Mukami mtandao ukiwa umesimama wima. Ulipobakisha nafasi moja nikasema nitahesabu pumzi kidogo halafu nikohoe, Tata Mirriam afanye atakalo. Ndipo nikasikia Maina akisema, "Aah, imeganda." Sijawahi kupenda neno kama hilo.

Nilipofika kwenye meza nilipiga amri, ukatokea, na nilipokuona na hiyo tai mbovu na macho mekundu, karibu nijifunue mwenyewe. Nilijizuia kwa kusoma jibu. Lakini Enter niligonga kwa ajili yako.

Baba anajua, nadhani. Jana alipita nikiwa kwenye kompyuta, akasimama, akaniuliza kama hiyo mashine bado inasumbua. Nikamwambia hapana, nimeirekebisha. Akasema, "Najua," akaenda zake kwenye redio.

Koti lako liko mlangoni. Jioni mwanga ukiingia unalifikia, na mimi hukaa hapo na kazi yangu ya kushona nikiwaza habari za Desemba ya mwaka ujao bila kuziogopa.

Leo, kabla ya kukuandikia, nimefuta ile tatu na kuirudisha mbili. Nimezima, nimewasha, nimeuliza.

Imeshika.

Mkeo,
Kui